Mama mkwe anamlambisha mwanangu asali, nami naogopa hata kiazi

Shikamoo Shangazi,

Naishi Tabora mjini. Mtaa sitautaja, maana huku kwetu watu wanafahamiana. Nina mtoto wa kiume, wa kwanza, ametimiza miezi saba na siku kadhaa. Baba yake ni dereva wa lori, leo yuko Kigoma, kesho Dar es Salaam, nyumbani tunamwona kwa nadra. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Likizo ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini, na tangu hapo mtoto anashinda na mama mkwe, ambaye ndiye mwenye nyumba tunayoishi.

Hadi miezi sita mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa nakamua maziwa alfajiri, mama mkwe anamnywesha kwa kikombe kidogo na kijiko kama alivyoelekezwa kliniki. Alinung'unika kwamba mtoto anashinda njaa, lakini alinywesha. Shida imeanza mtoto alipoanza kula.

Baba mkwe ana mizinga porini huko Sikonge, kwa hiyo asali haikosekani ndani. Nikitoka tu asubuhi, mama anachovya kidole na kumlambisha mtoto, anasema inatuliza tumbo na kufungua kifua. Akila ugali na nyama, anatafuna kwanza yeye, kisha anamtia mtoto mdomoni. Sasa mtoto anaota meno, basi anapewa tobolwa, kile kiazi kikavu, alitafune kwa fizi. Karanga za kukaanga nimezikuta mkononi mwa mtoto zaidi ya mara moja. Nikisema, jibu ni lile lile: "Nimezaa saba, nimelea na wajukuu, hakuna aliyekufa kwa chakula changu. Wewe umezaa jana."

Jumapili moja nilikuwepo. Mtoto alimega kipande cha tobolwa kikamwingia kooni. Uso ukawa mwekundu, akakohoa kwa nguvu, machozi yanamtoka, mwisho akatapika na kipande kikatoka. Mama mkwe alimpigapiga mgongoni, akamfuta mdomo, akaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Mimi nilitetemeka hadi jioni.

Tangu siku ile kila kitu nakipitisha kwenye blenda. Unga wa lishe wa nafaka kumi na kitu napika uji mwepesi, nauchuja, namwachia mama kwenye chupa ambayo chuchu yake nimeitoboa tundu kubwa kidogo ili upite. Viazi nasaga na maji mengi. Nyama nampa supu yake tu. Dagaa naogopa miba, mayai naogopa mzio, na karanga jirani aliniambia zisiguswe hadi mtoto afike miaka mitatu. Nikirudi jioni nakuta chupa iko nusu, na mtoto ameshiba vitu nisivyovijua.

Kliniki ya mwezi huu uzito haukupanda, mstari kwenye kadi umelala. Muuguzi akauliza anakula nini, nikasema uji. Akasema nimwongezee vyakula, foleni ilikuwa ndefu, tukaishia hapo. Mama mkwe aliposikia akasema, "Si unaona? Ni yale maji yako."

Mume wangu kwa simu anasema, "Malizaneni wenyewe, yule ni mama yangu." Dada yangu anataka nimpeleke mtoto kwa mama yetu Nzega. Mwenzangu wa kazini anasema nitafute dada wa kazi. Nimefikiria hata kuacha kazi. Lakini Shangazi, huyu mama hanitozi kodi, na nilipojifungua alinikanda kwa maji ya moto kila asubuhi kama mwanawe wa kumzaa. Si mtu mbaya, na ndiyo maana inaniuma.

Je, asali ina madhara kweli au ni maneno ya mitandaoni? Nimlishe nini mtoto asipaliwe? Na mama mkwe nimwendee vipi bila kuvunja nyumba? Halafu maembe yameanza kuiva, uani kwetu kila anayepita anataka kumwonjesha. Hilo nalo nisaidie.

Mama Mwoga, Tabora

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Jina ulilojipa mwisho wa barua sidhani kama linakufaa, lakini tuliache kwanza.

Nikikuelewa vizuri, una mtoto aliyeanza kula akiwa mikononi mwa mlezi asiyekubaliana nawe, umeshuhudia akipaliwa, na sasa uzito wake umesimama. Unaona chanzo cha yote ni mama mkwe. Katika baadhi ya mambo uliyoyataja, ndiyo, anachokifanya ni hatari. Katika mengine naona yuko karibu na ukweli kuliko blenda yako. Tutafika huko. Nianze na lile lisilosubiri.

Asali aiache, kuanzia leo, mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Haya si maneno ya mitandaoni. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye chembechembe zake hukaa udongoni na kwenye vumbi, na huweza kufika hadi ndani ya asali. Wewe na mimi tukizila zinapita tu. Utumbo wa mtoto mchanga haujakomaa kuzizuia, kwa hiyo zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Ugonjwa huu ni nadra sana, na ndiyo sababu mama mkwe wako anaweza kuwa amelambisha watoto saba asiuone hata mara moja. Hakudanganyi. Ila ukimpata mtoto, unamweka kitandani hospitalini kwa wiki nyingi.

Atakuambia asali ya baba mkwe ni safi, haijachanganywa na kitu. Naamini, na asali ya Sikonge naijua, lakini usafi hauhusiki hapa. Wala kuitia kwenye uji unaochemka hakusaidii, maana chembechembe hizo zinahimili moto wa jikoni. Kwa zile alizokwisha kulamba usikeshe kwa hofu. Watoto wengi walioilamba hawakupatwa na kitu. Mwangalie tu kwa wiki chache zijazo: akikosa choo siku kadhaa, kope zikilegea, sauti ya kilio ikififia, akinyonya kwa shida, au shingo iliyokuwa imekaza ikaanza kuyumba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba amekula asali.

La pili ni kumtafunia. Bibi zetu walitafuna kwa sababu blenda hazikuwepo na mtoto alihitaji nyama, nalo lilikuwa wazo la busara kwa wakati wake: chakula cha wakubwa kimfikie mdogo. Tatizo ni mate. Bakteria wanaoozesha meno hupita humo, na kwa mtu mwenye vidonda mdomoni au fizi zinazotoa damu, hata virusi vya UKIMWI vimewahi kumfikia mtoto kwa njia hii. Simshuku mama mkwe wako kwa lolote, na wewe usimwambie kwa namna itakayosikika kama unamshuku. Mwombe kinu. Kile kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, kioshwe vizuri, kitwange nyama iliyopikwa ikaiva hasa, ilainishwe kwa mchuzi. Kazi ya meno yake itafanywa na kinu, na nyama itaendelea kumfikia mjukuu.

Sasa Jumapili ile. Nikuulize: mtoto alikuwa anakohoa kwa sauti? Umeandika kwamba alikohoa kwa nguvu, uso mwekundu, akatapika. Mtoto anayefanya hivyo anajilinda. Sehemu ya ulimi inayoamsha kutapika, kwa mtoto wa umri huu, iko mbele zaidi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kipande kinarudishwa kabla hakijafika mbali. Inatisha kuitazama, na mara nyingi inaisha yenyewe. Kuziba kwa njia ya hewa ndiko kunakoua, na kwenyewe kuna ukimya: hakohoi, halii, mdomo uko wazi na sauti haitoki, midomo inaanza kuwa ya bluu. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba kama mrija wa kunywea soda, hivyo punje moja ya karanga inatosha kuifunga.

Likitokea hilo, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umshike taya. Mpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze chali na umsukume mara 5 katikati ya kifua. Rudia hivyo hivyo huku mwenzako akitafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo, na ikiwezekana mama mkwe awepo, maana mchana yeye ndiye anayekuwa na mtoto.

Kwa hiyo tobolwa na karanga nzima umeziogopa kwa haki. Tobolwa ni kiazi kilichochemshwa kikakaushwa mpaka kikawa kigumu kama kijiti. Mtu mwenye meno analitafuna, ila mtoto wa fizi analilainisha upande mmoja, kisha anamega pande zima. Weka kundi hilo pamoja na bisi, njugu za kuchemsha zikiwa nzima, peremende, muwa, karoti mbichi na nyama ya mapande. Kama fizi zinamwasha, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi yaliyochemshwa kinamtosha.

Kiazi chenyewe hakina kosa lolote. Kiazi kile kile, kabla hakijakaushwa, kikichemshwa mpaka ukikibana kati ya kidole gumba na cha shahada kinapondeka bila nguvu, ni chakula kizuri cha kumpa akishike mwenyewe. Kikate kwa urefu na unene wa kidole chako, ili ashike upande mmoja na kula mwingine. Boga lililoiva, parachichi, ndizi mbivu, papai, yote yanapimwa kwa vidole viwili hivyo hivyo. Kikikataa kupondeka, hakijafaa. Awe ameketi wima mapajani au kwenye mkeka akiegemezwa, asiwe amelala, asichekeshwe akiwa na kitu mdomoni, na mtu awe anamtazama muda wote.

Na hapa ndipo napotaka tuzungumze kuhusu blenda.

Ulipomwona akipaliwa ulifanya ambalo mama yeyote angefanya, uliondoa kila kitu kinachoweza kukwama. Lakini pamoja na vipande vigumu, uliondoa pia chakula. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo. Likijazwa uji uliochujwa, limejazwa maji, hamu imekwisha, na nguvu za kukua hazikuingia. Uji wake uwe wa kulika kwa kijiko: ukiinamisha kijiko, usidondoke upesi. Chupa yenye tundu lililopanuliwa nayo sikushauri uendelee nayo. Inamwaga uji kooni kwa kasi asiyoimudu, jambo lile lile unalolikimbia, na chuchu ni ngumu kusafisha. Rudi kwenye kikombe na kijiko, alishakizoea.

Kuna jambo jingine wazazi wengi hawaambiwi. Kutafuna ni kazi inayofunzwa, na ina majira yake. Watafiti waliofuatilia watoto kwa miaka wameona kwamba wale waliocheleweshwa kupewa chakula chenye mabonge laini hadi baada ya miezi 9 au 10 walikuwa na shida zaidi ya kula walipokua: wanachagua, wanakataa, wanatema. Kwa hiyo kila mwezi unaoongeza kwenye blenda unaahirisha ile hofu, hauiondoi. Anza na kuponda kwa uma badala ya kusaga. Wiki inayofuata usiponde sana kama wiki iliyotangulia. Atachefukwa mara mojamoja, nawe kaa karibu, uso wako uwe mtulivu, kwa sababu mtoto anakusoma.

Supu ya nyama bila nyama sikupingi kwa ladha. Madini ya chuma, ambayo mtoto alizaliwa na akiba yake na ambayo hupungua anapokaribia miezi sita, yanabaki kwenye nyama yenyewe, na maziwa yako hayana ya kutosha kuziba pengo hilo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasisitiza nyama, samaki au mayai kila siku kuanzia miezi 6, kwa anayeweza kuvipata. Kila siku ni neno zito kwa mfuko wa keshia, najua. Lakini Tabora ndipo reli ya Kigoma na ile ya Mwanza zinapokutana, na dagaa wa maziwa yote mawili wako sokoni kwenu. Chagua wasionuka, ondoa vichwa, osha mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, twanga, chekecha kwa chekecheo la unga laini. Hapo hakuna mwiba. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji mzito au viazi vya kupondwa kinafanya kazi kuliko nafaka kumi. Maini ya kuku nayo ni rahisi kuponda, ila mara moja kwa wiki inatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi.

Hizo nafaka kumi, nikiri, huwa zinanichosha. Nani alituambia kwamba uji unakuwa bora kadiri orodha inavyorefuka? Kila punje inayoongezwa ni punje nyingine ambayo hujui ilihifadhiwa wapi. Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Soya nayo isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inamsumbua mtoto tumbo. Nafaka moja unayoijua, iwe mtama, ulezi au mahindi, iliyochambuliwa na wewe mwenyewe, ukaongeza dagaa au karanga na tone la mafuta, imekamilika. Chumvi na sukari bado hazihitaji. Chai usimpe, inazuia hiyo hiyo chuma.

Karanga nimezitaja makusudi. Jirani yako hakubuni. Marekani madaktari wa watoto walitoa ushauri wa miaka mitatu mwaka 2000, kwa watoto wenye hatari ya mzio, kisha mwaka 2008 wakauacha. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London chini ya Gideon Lack ulionyesha kinyume chake: watoto wenye hatari kubwa walioanza kula karanga kati ya miezi 4 na 11 walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa nazo hadi miaka 5. Tatizo la karanga kwa mtoto wako ni umbo la punje. Chambua, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, saga ziwe laini kama siagi, changanya kwenye uji. Bonge zito la karanga ya kusaga kwenye kijiko usimpe, linanata kooni. Yai nalo liive mpaka kiini kikauke. Kila kipya mwonjeshe asubuhi ya siku ambayo hauendi kazini, kidogo sana, ukae nacho siku mbili tatu kabla ya kingine. Vipele, midomo kuvimba, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida ni safari ya hospitali. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi, au chakula kimewahi kumdhuru, mwone daktari kabla hujaanza karanga.

Kwa umri wake ni milo 2 hadi 3 kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu na kupanda polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250, akiendelea kunyonya kila anapotaka. Vitafunwa vya katikati, kimoja au viwili, vinaanza kuhitajika akifika miezi 9, na milo wakati huo inafika 3 hadi 4. Kwa hiyo biskuti za watoto zinazopangwa dukani mbele ya macho yako usijilaumu kwa kutozinunua. Uzito nao usingoje mwezi mzima. Rudi kliniki baada ya wiki mbili, uende siku isiyo na foleni kubwa kama unaweza, useme wazi kwamba mstari umelala na unataka kujua kama kuna sababu nyingine zaidi ya uji. Minyoo, malaria na mkojo mchafu vinaweza kumfanya mtoto asiongezeke hata akila vizuri.

Nimechelewa kufika kwa mama mkwe kwa sababu nilitaka kwanza uone kitu. Katika barua yako yote, kuna miezi kadhaa ambayo alikuwa anamwachia mtoto njaa, kwa mawazo yake, na bado alinywesha maziwa yako kwa kikombe kama alivyoelekezwa. Alinung'unika, akanywesha. Huyo ni mtu asiyesikia? Mimi naona mtu aliyepewa kazi inayoeleweka akaifanya. Sasa anaachiwa chupa ya uji anaouita maji, mtoto analia njaa, na kwa macho yake mama wa mtoto amepatwa na woga. Anachofanya ni kumshibisha mjukuu kwa njia alizonazo. Anapokujibu kuhusu watoto wake saba, huenda anachosikia kutoka kwako ni kwamba aliwalea vibaya. Je, inawezekana?

Sikuamulii, maana wewe ndiye unayelala chini ya paa hilo. Nikupitishe tu kwenye milango unayoiona.

Dada wa kazi: atakutii, kwa mshahara ambao lazima uupate. Lakini ataishi kwenye nyumba ya mama mkwe, na mwenye nyumba akisema "lete mtoto nimlambishe", binti wa miaka kumi na tisa atasema nini? Nzega: mama yako labda atakusikiliza zaidi, ila titi utakuwa umeliondoa kwa mtoto wa miezi saba, na hilo ni kubwa kuliko tobolwa. Isitoshe una hakika mama yako hatafuni? Uliza kabla hujafunga mizigo. Kuacha kazi: piga hesabu na baba mtoto kwanza, kwa sababu dagaa na mayai tunayoyazungumza yananunuliwa na mshahara huo. Kabla ya hapo kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Waajiri wengi hawalitaji. Kama duka haliko mbali na nyumbani, saa mbili za mchana zinaweza kuwa mlo mmoja unaomlisha kwa mkono wako.

Na kuna mlango wa kubaki, ukabadilisha kinachoachwa mezani. Mtoto aachiwe chakula ambacho mama mkwe atakitambua kuwa ni chakula: viazi vilivyopondwa na dagaa, wali laini na maharage yaliyotolewa maganda, uji unaosimama. Mwambie ukweli kwamba kuhusu ule uji mwepesi alikuwa sahihi. Usimwambie kama mbinu. Mwambie kwa sababu ni kweli. Kisha omba mambo mawili tu, asali na vitu vigumu, usimletee orodha ya makatazo. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kuitikia na bado asubuhi kidole kikaingia kwenye asali, nawe uko kazini. Kwa hilo ningetazama wengine wawili. Baba mkwe ndiye mwenye asali. Mzee wa mizinga akisema "huyu bado, tumwekee yake", neno lake lina uzito ambao lako halina. Ila lipitie kwa mwanawe, usimwendee mkwe mwenyewe, mama asije akaona mmemzunguka. Na mume wako hawezi kusema malizaneni katika jambo la pumzi za mwanawe. Muulize muuguzi kuhusu asali, umtumie mumeo atakachosema kwa sauti ya simu, umwombe ampigie mama yake kuhusu asali tu, bila kulitaja jina lako.

Ukiona asali inaendelea baada ya hayo yote, hapo hesabu ya Nzega na ya dada wa kazi inabadilika, na utaifanya ukijua umejaribu.

Embe, ndiyo, mpe. Liwe limeiva likalainika, lioshwe, limenywe, na usimpe kokwa alinyonye, kwa kuwa linateleza na wakati mwingine lina vipande vinavyobanduka. Maembe mengi ya uani huko kwenu yana nyuzinyuzi, kwa hiyo likune kwa kijiko au lipitishe kwenye chujio, aanze na vijiko viwili baada ya uji wa dagaa. Ile vitamini C inasaidia mwili kuishika chuma ya chakula kile. Wapita njia wanaotaka kumwonjesha waambie wakuachie embe zima, utalimenya mwenyewe.